Picha ya Bi Harusi: Ya Fedha au ya Wino?



Msimu wa harusi unakaribia, na kila ukikaribia maswali huwa yale yale: hina kwa nani, piko wapi, ukumbi upi, gauni la kukodi au la kushona. Safari hii swali limetoka nyumbani kwetu, na si la hina. Binti wa kaka yangu anaolewa mfunguo mosi inshallah. Hataki albamu ya picha mia tatu. Anataka picha moja tu, kubwa, nzuri, ya kutundika chumbani kwake, pahala ambapo haingii mtu ila mumewe na wanawake wenziwe. Akaniuliza: "Shangazi, yangu uisafishe kwa dawa kama ile ya Bi Mkubwa, au uiprinti?"

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupiga picha harusi za wanawake, zile za ndani, simu zinapokusanywa mlangoni. Watu hudhani swali kama hili ni la mafundi. Nimekaa nalo wiki nzima na nimeona ni letu sisi wanawake kuliko la mafundi, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu: picha itaishi miaka mingapi, na nani ataiona kabla haijafika mkononi mwako.

Niwaeleze kwanza kwa nini kwetu si swali la mapambo.

Bi Mkubwa, bibi yangu mzaa mama, aliolewa mwaka 1962. Ana picha moja ya harusi, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Mashallah, ukiitazama leo unahesabu vikuba vya asumini kimoja kimoja. Weusi wa macho upo, weupe wa shela upo, hata mshono wa mkono wa gauni unauona.

Mama yangu, Allah amrehemu, aliolewa mwaka 1982, na picha zake ni za rangi. Wakati ule ilikuwa fahari kubwa. Alipofariki nilikuwa na miaka saba. Picha zile ndizo zilizobaki, negativu hazikuonekana tena, na kila nikizifungua mama ameondoka kidogo. Buluu yote imetoka. Uso umekuwa mwekundu kama umemulikwa na moto, na mahali pa macho pamebaki vivuli. Picha ya bibi imeipita ya mama kwa miaka ishirini ya umri, na bado nzima. Binti huyu anayeolewa hakumwona nyanya yake. Sura anayoijua ni ile nyekundu.

Kwa hiyo alipouliza "ya dawa au ya printa", alikuwa anauliza kama na yeye atafutika.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tumezaliwa zama za simu. Picha kama ya Bi Mkubwa imeumbwa kwa fedha, fedha ile ile ya pete. Karatasi hupakwa jelatini yenye chumvi za fedha, na chumvi hizo zikipigwa na mwanga hubadilika. Fundi huingia chumba cha giza, huwasha taa nyekundu hafifu ambayo karatasi haiioni, huweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, na kuangaza mwanga juu ya karatasi kwa sekunde chache. Karatasi bado nyeupe. Akiitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, sura inajitokeza polepole, kwanza nywele, kisha macho. Dawa ya pili ni ya asidi, inasimamisha ile ya kwanza. Ya tatu, wanayoiita fiksa, inaondoa chumvi za fedha zisizotumika ili picha isiharibike ikitoka mwangani. Kisha maji, maji, maji. Ndiyo maana Waswahili tukasema kusafisha picha.

Nilijifunza kazi hiyo kwa mzee mmoja hapa mjini aliyekuwa bado na chumba chake cha giza. Mnajua chumba cha giza ni chumba kidogo, mlango umefungwa. Basi mkewe alikuwa anakaa nasi kila siku, kwenye kigoda, na tasbihi yake, na hakuna picha iliyotoka bila yeye kusema neno. "Huyu umemfanya mweusi mno," alikuwa akisema, na mara nyingi alikuwa na haki. Nilijifunza mengi kwake kuliko alivyojua.

Na nilijifunza taabu. Dawa hizo zinataka ubaridi wa digrii 20 hivi. Maji ya mfereji wetu hayajawahi kuijua digrii 20. Tulikuwa tunazungushia chupa za barafu pembeni ya trei, maana kwenye maji ya moto jelatini hulainika na kukwaruzika kwa ukucha tu. Karatasi nzito, ile isiyo na plastiki, inataka kuoshwa hata saa nzima kwa maji yanayopita. Mwenye kuijua shida ya maji ya mji wetu anaelewa maana ya saa nzima. Na ukifupisha, fiksa inabaki ndani ya karatasi, na baada ya miaka picha inageuka manjano na kufifia. Picha ya Bi Mkubwa ni nzima kwa sababu kuna mtu mwaka 1962 hakuwa na haraka. Simjui, lakini namuombea.

Dada zangu, hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Wanasema "picha za zamani zinadumu". Si zote. Ya mama nayo ilisafishwa kwa dawa, gizani, kwa karatasi ya dukani. Tofauti ni kwamba karatasi ya rangi haibaki na fedha. Fedha huondolewa yote, zikabaki rangi tatu za kemikali, moja juu ya nyingine, na katika karatasi nyingi za miaka ile buluu ilikuwa dhaifu. Ilififia hata ndani ya sanduku lililofungwa, bila kuona jua. Mama hakukosea kitu. Aliziweka vizuri. Alipewa tu kitu kisichodumu.

Sasa printa. Printa ya wino kazi yake ni kurusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi, mengi kwa maelfu, mpaka yakawa sura. Wakubwa wa picha za sanaa walizidharau kwa muda mrefu. Kwao picha ya kutundikwa ilikuwa ya chumba cha giza. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams, aliyewahi kusomea piano, alikuwa akifananisha negativu na nota za muziki, na kuisafisha picha ni kuupiga muziki wenyewe. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez aliipiga mwaka 1941, na aliendelea kuisafisha kwa miaka mingi, kila wakati kwa namna nyingine, na zile za baadaye mbingu imekuwa nyeusi zaidi. Mkono wa mtu upo ndani ya kila karatasi. Ndiyo hoja yao, na si hoja ndogo.

Aliyesaidia kubadilisha mambo ni mwanamuziki. Graham Nash, akishirikiana na Mac Holbert, mwaka 1991 walifungua karakana California wakatumia printa kubwa ya Iris, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujaribia kazi za magazeti, wakaitumia kuchapisha picha za sanaa. Printa ile iligharimu dola 126,000. Siku hizi ipo katika makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian. Fundi wao mmoja, Jack Duganne, akatafuta jina la Kifaransa, giclée, linalotokana na neno la kurusha maji, ili wanunuzi wasikimbie wakisikia neno kompyuta. Mpaka leo ukiona jina hilo nyuma ya picha ghali, jua kwamba ni picha ya printa ya wino iliyovaa nguo ya kutokea.

Lakini zile za mwanzo ziliwatia aibu wenyewe, maana wino ulififia haraka. Na hapa pana jambo la kushika. Kuna wino wa aina mbili. Wa kwanza umeyeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai. Unazama ndani ya karatasi, unang'ara, unapendeza, na unafifia upesi. Wa pili una chembe, kama liwa iliyosagwa. Haiyeyuki, inaelea tu, ikishakauka inabaki chembe. Huo wa pili ndio wino wa pigmenti. Jua na hewa haviuli chembe kwa urahisi kama vinavyoua rangi iliyoyeyuka. Tangu miaka ya 2000 printa za wino wa pigmenti zimeenea, na picha nyingi zinazotundikwa leo kwenye majumba ya sanaa zimetoka humo, juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi.

Zitadumu miaka mingapi? Yuko Mmarekani, Henry Wilhelm, aliyetumia umri wake kupima jambo hili. Picha huwekwa chini ya mwanga mkali kwa muda mrefu, kisha hupigwa hesabu kukadiria itakuwaje kwenye mwanga wa kawaida wa nyumba. Makadirio ya wino mzuri kwenye karatasi nzuri ni marefu kuliko ya karatasi nyingi za rangi za maabara. Nayaamini. Hata hivyo makadirio ni makadirio. Picha ya wino wa pigmenti iliyokaa kwenye ukuta wa Zanzibar kwa miaka sitini haijapatikana bado, kwa sababu miaka hiyo haijapita. Ya fedha ipo. Ukipita Shangani, barabara ya Kenyatta, pale Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, utaona sura za Zanzibar ya zamani kwa nyeusi na nyeupe. Picha ya fedha ina mashahidi. Ya wino ina ahadi nzuri.

Kama mambo yangeishia hapo, ningemwambia binti yetu: twende chumba cha giza. Moyo wangu uko huko. Lakini kuna mambo mawili yaliyonizuia.

La kwanza ni mama. Miaka mitatu nyuma nilichukua ile picha nyekundu, nikaiskani, nikakaa nayo usiku na usiku kwenye kompyuta nikiirudisha buluu kidogo kidogo. Chumba cha giza kisingenisaidia kitu, kwa sababu negativu haikuwepo, na bila negativu hakuna cha kusafisha. Kilichopotea kabisa hakirudi. Kwenye kona moja ya shela ni weupe mtupu mpaka leo, sikutaka kuubuni. Lakini macho yalikuwa bado yamo, chini kabisa, hafifu. Nikaichapisha kwa wino wa pigmenti. Bi Mkubwa aliishika karibu na dirisha, maana macho yake hayana nguvu tena, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu alikuwa mweupe zaidi ya hivi, lakini ndiye." Nikaipunguzia giza kidogo nikaichapisha tena. Printa niliyokuwa nikiibeza ndiyo iliyoniletea mama.

La pili ni stara, na hili nawaomba mlisome taratibu.

Picha anayoitaka binti yetu ni ya baada ya singo, kichwa wazi, nywele zimefungwa asumini, mikono imejaa hina. Zamani, bibi zetu walipotaka picha, walikwenda studio na shela zao, na aliyewaona ni fundi na kamera yake. Zama za mama, mkanda mzima ulipelekwa dukani, na mashine ikasafisha picha 36 mbele ya macho ya yeyote aliyekuwa zamu. Leo faili la picha linaweza kunakiliwa mara mia bila mwenyewe kujua. Mteja wangu mmoja alipeleka picha zake kwenye duka la kuchapisha, sitalitaja wala mji wake. Miezi baadaye shoga yake alimkuta ukutani, dukani pale, amefanywa tangazo la ubora wa karatasi. Kichwa wazi. Picha iliteremshwa alipoomba, lakini nani atamwambia ni wangapi waliokwisha kuiona? Alilia mbele yangu si kwa hasira, kwa haya.

Hapa fedha na wino kila kimoja kina heri yake na shari yake. Negativu ni kitu. Unaishika mkononi, unaifungia sandukuni, ukitaka unaiunguza, na mambo yameisha. Faili haliishi. Lakini printa ya wino inakaa mezani nyumbani. Mwanamke anaweza kumpiga mwanamke mwenziwe, akafunga mlango, akachapisha, na picha isivuke kizingiti. Chumba cha giza nacho kinaweza hivyo, ila kwa hapa kwetu ni adimu, na vifaa ni adimu zaidi. Kodak waliacha kutengeneza karatasi ya nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Ilford wa Uingereza wanaendelea, lakini karatasi inasafiri mbali na bei yake inauma.

Kisha binti mwenyewe akasema neno lililomaliza ubishi wangu. "Shangazi, nyeusi na nyeupe haitaonyesha hina." Kweli. Hina yetu kwenye picha ya fedha ni kijivu tu. Na chumba cha giza cha rangi ni kile kile kilichomchukua nyanya yake.

Kwa hiyo tumeamua: wino. Wino wa pigmenti, karatasi ya pamba, printa yangu, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Nakala mbili, moja ya ukutani na moja ya sandukuni. Kadi ya kamera itafutwa mbele yake. Faili litabaki moja, kwenye diski isiyoingia kwenye intaneti, na diski atakaa nayo mwenyewe, si mimi. Kuhusu hukumu ya picha zenyewe na kuzitundika, masheikh wana kauli zao, naye ameshamuuliza sheikh anayemwamini. Nawe muulize wako.

Kwa bi harusi anayesoma hapa, nakuachia maswali ya kumuuliza mchapishaji wako kabla hujalipa, na usione haya kuyauliza.

Wino wako ni wa pigmenti au ni ule wa kuyeyuka? Akikuambia "ni original" tu, hajakujibu. Karatasi ni ya pamba isiyo na asidi, au ni ile ya kung'aa ya kawaida? Nani atakuwepo ukiichapisha? Faili utalifuta lini, na nitaliona likifutwa? Kama una negativu, ni zako. Usiondoke bila hizo.

Na ukishaipata, itunze kwa hali ya hewa yetu. Adui wa picha visiwani ni unyevu. Kuvu inakula jelatini, na mdudu wa karatasi hapendi kitu kama albamu iliyosahauliwa kabatini. Usiibandike kwenye albamu za gundi zenye plastiki ya kufunika. Gundi ile inaila picha kwa nyuma. Usiitie kwenye fremu ikagusana na kioo, maana unyevu ukiingia itaganda hapo hapo. Iwekewe ukingo wa karatasi nene katikati. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la asubuhi wala ukuta wa nje unaovuja masika. Na ya wino usiiguse uso kwa vidole; karatasi ya pamba inakwaruzika kirahisi, na mafuta ya udi na liwa hayatoki.

Kama nyumbani una picha za rangi za miaka ya sabini na themanini, za mama yako, za khalati yako, za harusi ambazo wengine wake wameshatangulia, usingoje. Ziskani mwaka huu, na anayeziskani awe mtu unayemwamini. Kila mwaka unaopita kuna kitu kinatoka ndani yake ambacho hakuna printa itakayokirudisha. Zile nyeusi na nyeupe zinaweza kusubiri kidogo. Hizi za rangi haziwezi.

Allah awatie kheri mabi harusi wetu wote, awape waume wenye huruma, awasitiri duniani na akhera, na awarehemu mama zetu waliotangulia.

Wabillahi tawfiq.